Kupwa na kujaa kusikoonekana, na hesabu ambayo bado haijakamilika

WAKAZI wa Pwani hawahitaji kufundishwa kuhusu kupwa na kujaa kwa maji. Wavuvi wa Lamu, Shimoni na Vanga hupanga kazi yao kwa kuhesabu siku za mwezi, wakijua bamvua litaingia lini na maji mafu yatafika lini. Hata hivyo, kuna kupwa na kujaa kwingine ambako hakuonekani kutoka ufuoni, nako hutokea ndani kabisa ya bahari.

Maji ya bahari hayafanani kutoka juu hadi chini. Ya juu ni vuguvugu na mepesi, ya chini ni baridi na mazito. Mvuto wa mwezi na jua unapoyasukuma kupita juu ya mlima uliozama, maji mazito hupandishwa kwenye mteremko kisha huporomoka. Mwendo huo, ambao hasa hujirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25, huzaa mawimbi yanayosafiri kati ya matabaka ya maji kwa mamia na hata maelfu ya kilomita.

Juu ya bahari mawimbi hayo huinua maji kwa sentimita chache tu. Chini, huweza kuinua maji baridi kwa makumi ya mita. Katika Mlango wa Luzon, kati ya Taiwan na Ufilipino, wanasayansi wamepima mawimbi yanayozidi mita 200. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa nguvu za kupwa na kujaa huishia karibu zote katika bahari zenye kina kifupi. Mwaka 2000, Gary Egbert na Richard Ray walitumia vipimo vya setilaiti ya TOPEX/Poseidon, iliyorushwa mwaka 1992, kuonyesha kuwa kati ya asilimia 25 na 30 ya nguvu hizo hupotelea katika bahari kuu, hasa penye milima na visiwa kama vile safu ya Hawaii. Kiasi hicho ni takriban wati trilioni moja.

Mawimbi hayo yanapovunjika, huchanganya maji. Joto la juu huteremshwa chini, na virutubisho vya chini hupandishwa juu. Bila mchanganyiko huo, maji baridi yanayozama karibu na ncha za dunia yangekosa mojawapo ya njia zake za kurudi juu, na mzunguko mzima wa bahari ungebadilika.

Tatizo ni kuyahesabu. Vielelezo vingi vya kompyuta vinavyotabiri hali ya hewa ya miongo ijayo huigawa bahari katika miraba yenye upana wa makumi ya kilomita. Mteremko wa mlima huweza kuwa wa kilomita chache, na wimbi huvunjika katika eneo dogo zaidi. Kwa hivyo wataalamu hulazimika kukadiria mchanganyiko kwa kanuni badala ya kuuona ukitokea. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 na mashirika ya anga ya Marekani na Ufaransa, imeboresha picha ya juu ya bahari, lakini haioni yanayotokea kilindini.

Suala hili haliko mbali na Afrika Mashariki. Miinuko ya Mascarene, inayoanzia Shelisheli kuelekea Morisi, ni mojawapo ya vyanzo vya mawimbi makubwa ya aina hii katika Bahari ya Hindi. Bahari hiyo hiyo ndiyo huathiri mvua za vuli. Mwaka 2019, upande wake wa magharibi ulipopata joto kuliko wa mashariki, mafuriko yalisababisha maafa Kenya na nchi jirani.

Kuna watakaosema kuwa nchi yenye njaa na madeni haina fedha za kupima vilindi. Hoja hiyo ina uzito, kwani mvua ya wiki ijayo hutabiriwa bila vipimo hivyo. Lakini mabwawa, bandari na barabara hujengwa kwa makadirio ya miaka 50, nayo hutokana na vielelezo hivi hivi. Mataifa ya ukanda huu yasipochangia vipimo vya bahari yao, yataendelea kupanga maisha ya watu wao kwa makadirio ambayo hayakuwa na nafasi ya kuyasahihisha.