tRNA Si Hamali Tu
Makala iliyodai kwamba tRNA ni hamali tu wa kubeba asidi amino hadi kwenye ribosomu imeikosea haki. Hamali gani huyo anayesoma maandishi? tRNA ina antikodoni, herufi tatu zinazooana na kodoni ya mRNA.

Mwaka 1962 watafiti nchini Marekani walichukua tRNA iliyokwisha kubeba sisteini, wakaigeuza sisteini hiyo kuwa alanini papo hapo mgongoni. Ribosomu haikushtuka: iliipachika alanini palipotakiwa sisteini. Iliamini antikodoni, mzigo haikuukagua. Hapo ndipo mwandishi alipopaswa kuanzia. Sifa nyingine, nakubali, viipate vimeng'enya vinavyoipakia kila tRNA asidi yake, maana vikikosea, kosa laweza kupenya hadi ndani ya protini.