Pikipiki Isilale na Watoto, Wala Isilale na Mahindi



Leo siongelei viwavijeshi wala mbolea. Naongelea pikipiki, na nitasema wazi ninachoamini: pikipiki si mtu wa kulala ndani. Najua wengi mtanipinga, kwa hiyo nivumilie nieleze.

Huku kwetu Tabora, ukitoka Sikonge hadi Kaliua, pikipiki ndiyo mpagazi wa siku hizi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe kichwani mpaka Bagamoyo. Sisi tunabeba mbegu, dumu la asali, gunia la karanga na mgonjwa wa kwenda zahanati, vyote juu ya magurudumu mawili. Hata sisi maafisa ugani, mwaka 2022 serikali ilitugawia maelfu ya pikipiki nchi nzima ili tuwafikie. Mkulima akilipwa hela ya tumbaku, baada ya mabati kinachofuata mara nyingi ni pikipiki. Sasa mali kubwa namna hiyo inalala wapi? Utaikuta stoo, katikati ya magunia, au sebuleni wanakolala watoto.

Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Msimu mmoja wa mvua niliegesha ya kwangu stoo kwa stendi ya pembeni, juu ya sakafu ya udongo, na koki ya mafuta nikaiacha wazi. Udongo ulikuwa na unyevu, stendi ikazama kidogo kidogo, na usiku wa manane tukasikia kishindo. Mama watoto aliamka akachukua koroboi aende kuangalia. Alipofika mlangoni harufu ya petroli ikampiga, akarudi nyuma haraka. Petroli ilikuwa imeingia kwenye magunia mawili ya mahindi ya chakula. Tuliyatupa yote. Lakini mahindi si kitu. Mpaka leo nawaza, je, angekuwa na mafua usiku ule?

Watu wengi hawajui kwamba kinachoshika moto si petroli yenyewe bali mvuke wake. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango, unalifuata jiko la mkaa au koroboi chumba cha pili. Na hausubiri joto la Oktoba. Hata asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita upo.

Halafu kuna mali nyingine. Tumbaku inanyonya harufu, na jani lenye harufu ngeni ni ugomvi sokoni. Mahindi na karanga nazo ni hivyohivyo. Mbolea ndiyo kabisa: chumvi yake inakula cheni na spoki, na mbolea kama CAN ikilowa mafuta inaongeza hatari ya moto. Bani nalo lina moto wake wakati wa kukausha, kwa hiyo usiegeshe karibu.

Utaniambia, "Bwana shamba, wezi je?" Ni hoja ya kweli, siidharau. Lakini tusisahau kwamba sungusungu walianzia huku, kwa Wasukuma na Wanyamwezi, miaka ya 1980, kwa sababu ya wezi hao hao. Wakati ule watu hawakumaliza wizi kwa kuingiza ng'ombe chumbani. Walijipanga. Na wazee wetu walijenga matembe yenye ua ndani, mfano wake unauona pale Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mali iko ndani ya boma, lakini si lazima iwe kitandani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni banda dogo ndani ya ua, lishikane na ukuta wa nje wa nyumba, upande wa mbali na jiko. Tofali unafyatua mwenyewe kiangazi. Acha matundu chini ya ukuta ili mvuke utoke, juu weka bati. Katikati chimbia nguzo au chuma, mwagia zege, kisha funga pikipiki hapo kwa mnyororo na kufuli. Mwizi akija atapiga kelele kabla hajaondoka nayo.

Kila jioni fanya haya:

1. Funga koki ya mafuta na uhakikishe kifuniko cha tenki kimebana.
2. Tumia stendi ya kati. Kama ardhi ni laini, weka kipande cha ubao au jiwe bapa chini yake.
3. Acha bomba la moshi lipoe kabla ya kufunika na turubai. Watoto wasisogee, maana bomba hilo linababua mguu dakika nyingi baada ya injini kuzimwa.
4. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake unaua bila kelele.
5. Dumu la akiba la petroli lisikae ndani ya nyumba.

Kama banda bado hujajenga na ni lazima ilale ndani, basi isilale chumba chenye mtu, chakula au moto, na isizibe mlango. Ukizima taa na moto ukitokea, mlango ndio uhai wenu.

Na usiniambie utaiegesha chini ya mwembe. Miembe yetu hii ya njia ya misafara ina kivuli kizuri mchana, lakini tawi kavu likianguka halichagui.

Tunahangaika kweli kununua mifuko ya kuzuia dumuzi, halafu tunaweka petroli pembeni yake. Mwaka huu kabla ya mvua za Novemba, tenga siku 3 ujenge. Nikipita kijijini kwako nitaomba unionyeshe banda kabla ya shamba.

Tukutane shambani.