Dakika za mwisho: kulinda ao kushambulia?

Tangu mechi ya Rabat kuna mabishano katika vikundi vyetu ambayo hayajaisha. Mechi inapokaribia mwisho, kocha abaki na wachezaji alionao, ao ajaribu jambo la hatari? Wamoja wanasema mwenye hekima hachezi na bahati. Wengine wanajibu kwamba anayeogopa kupoteza amekwisha kupoteza. Tunaingia katika mabishano hayo, kwa maana watoto wanasikiliza namna tunavyohukumu watu.

Tukumbuke kwanza yaliyotokea. Tarehe 16 Novemba 2025, Léopards walikutana na Nigeria katika fainali ya barrage ya Afrika, njia ya kuelekea Kombe la Dunia. Nigeria walifunga mapema, Meschack Elia akasawazisha, na muda wa nyongeza ukaisha 1-1. Penalti zilipokaribia, kocha Sébastien Desabre alimtoa golikipa Lionel Mpasi, akamwingiza Timothy Fayulu. Wengi wetu tulishika kichwa. Huyu Mpasi ndiye aliyefunga penalti ya ushindi dhidi ya Misri mnamo Januari 2024, tulipopita kwa 8-7 katika Kombe la Afrika. Unamtoaje mtu kama huyo? Lakini Fayulu akazuia penalti mbili, Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, tukashinda 4-3.

Leo kila mtu anasema kocha alikuwa na akili. Je, kama Fayulu asingezuia hata moja, tungesema nini?

Jibu tunalipata Uingereza, kwa timu ya Chelsea. Mwezi wa Agosti 2021, kocha Thomas Tuchel alimtoa golikipa Édouard Mendy kabla ya penalti dhidi ya Villarreal, akamwingiza Kepa Arrizabalaga. Kepa alizuia mbili, Chelsea wakachukua Super Cup ya Ulaya. Februari 2022, katika fainali ya League Cup dhidi ya Liverpool, Tuchel alifanya vilevile. Safari hii Kepa hakuzuia hata moja kati ya 11, na penalti yake mwenyewe ikapita juu ya goli. Liverpool walishinda 11-10. Kocha ni yule yule, golikipa ni yule yule, uamuzi ni ule ule. Mara ya kwanza alipewa sifa, mara ya pili lawama. Basi matokeo peke yake hayawezi kutuambia kama uamuzi ulikuwa mzuri.

Wale wanaopenda kulinda nao wasijidanganye. Mwezi wa Septemba 2025, pale Kinshasa, tuliongoza Senegal 2-0, tukapoteza 3-2, goli la tatu likiingia dakika ya 87. Timu inayorudi nyuma inaziba nafasi mbele ya goli lake, lakini inampa mpinzani mpira, na kila kona inakuwa hatari. Timu inayosonga mbele inamweka mpinzani mbali, lakini mpira ukipotea, nyuma kunabaki wazi. Hakuna njia isiyo na bei. Mwaka 2014, Louis van Gaal wa Uholanzi alitumia nafasi yake ya mwisho ya kubadilisha mchezaji kumwingiza golikipa Tim Krul, wakaiondoa Costa Rica kwa penalti. Mechi iliyofuata, dhidi ya Argentina, nafasi zilikuwa zimekwisha kabla ya penalti. Krul akabaki benchi, Uholanzi wakatolewa.

Kwa nini basi makocha wengi wanachagua kulinda? Tunaona sababu kubwa ni woga wa lawama. Kocha akifuata desturi na kupoteza, tunasema wachezaji walichoka. Akibadili jambo na kupoteza, tunasema ni yeye aliyetuua. Kumbe hata sisi mashabiki tunawafundisha kuogopa.

Sisi tunapendekeza maulizo matatu. La kwanza: jambo hilo lilitayarishwa, ao lilizuka kwa hofu? La pili: likishindwa, tunabaki na nini? La tatu: anayeondolewa anaheshimiwa? Katika timu ya Uholanzi, Krul aliambiwa kabla ya mechi kwamba anaweza kuingia, lakini Jasper Cillessen, aliyetolewa, hakuambiwa. Kocha hakutaka kumvuruga, na Cillessen alitoka kwa hasira. Wamama tunajua uchungu wa kuwekwa pembeni bila neno, na watoto wetu wanaujua pia.

Maulizo haya yanatufaa hata katika AVEC zetu. Siku za kugawana zinapokaribia, vikundi vingi vinafunga mikopo. Huko ni kulinda, na ni vizuri, kwa sababu mkopo usiporudi hakuna tena muda wa kuurudisha. Lakini mwenzetu akija na mtoto mgonjwa, sanduku la msaada lisifungwe kwa kisingizio cha kulinda. Lilitayarishwa kwa saa kama hiyo.

Basi, kwa mechi ijayo, tufanye zoezi moja nyumbani. Kocha akibadilisha mchezaji mwishoni, kila mtu, hata mtoto, aseme papo hapo kama anakubali ao anakataa, na atoe sababu. Tuseme kabla matokeo hayajajulikana. Baadaye, tukishinda ao tukipoteza, kila mtu ashike neno lake. Mtoto atajifunza kupima uamuzi kwa sababu zake, na hatakuwa mwepesi wa kumtukana aliyejaribu akashindwa.