Amri za timu: mtuambie mapema nani kapangiwa kushinda

Wadau, leo sina siasa. Leo nina magari, ingawa siasa mtaikuta humo humo.

Kuna jambo kwenye mbio za langalanga linaitwa amri za timu. Timu moja ina madereva wawili, bosi anashika redio, anamwambia aliye mbele ampishe mwenzake. Wachambuzi wanaliita mkakati. Mimi naliita kupanga matokeo, na nitaeleza kwa nini.

Chukueni msimu wa 2025. Septemba 7, pale Monza, Italia, Lando Norris wa McLaren alikuwa wa pili na mwenzake Oscar Piastri wa tatu. Piastri, aliyekuwa akiongoza msimamo wa msimu mzima, akaitwa kwanza kubadilisha matairi. Zamu ya Norris ilipofika tairi la mbele kushoto likagoma, sekunde zikaenda, akarudi barabarani yuko nyuma ya Piastri. Redio ikaita: mrudishie mwenzako nafasi. Piastri akalalamika kwamba mafundi kuchelewa ni sehemu ya mbio. Halafu akatii. Norris akaondoka na pointi 18 za mshindi wa pili badala ya 15 za wa tatu.

Sasa leteni kikokotoo. Msimu ulipofungwa Abu Dhabi mwezi Desemba, Norris alikuwa na pointi 423, Max Verstappen 421. Ubingwa wa dunia kwa pointi mbili! Ondoa zile tatu za Monza, Norris anabaki na 420 na bingwa ni Verstappen. Najua, najua, Monza ingeisha vingine huenda na mbio zilizofuata zingekuwa vingine. Lakini pointi tatu zile zipo kwenye kitabu, na hakuna aliyezipata kwa usukani. Zilipatikana kwa maongezi.

Jiulizeni: beki wa Simba au Yanga akiambiwa na kocha wake amwachie mshambuliaji apite ili matokeo fulani yatimie, tungesema ni mkakati? Tungeita polisi. Na siku hizi jambo hili si la wazungu na redio zao tu. Niko Mpepai, huku Mbinga, kwa likizo fupi, na hapa kijana mwenye simu na pesa ya kahawa mfukoni anaweza kuweka mkeka wa mbio zinazokimbiwa Ulaya kabla hajashuka mlimani. Mimi si mpenzi wa kubeti. Ila kama yule anayeweka elfu mbili yake haambiwi kuwa dereva aliyemchagua ana bosi mwenye ruhusa ya kumsimamisha, basi huyo ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Watetezi wana hoja, tusiwapuuze. Wanasema timu ndiyo inayolipa gari, mafuta, mafundi na mshahara, kwa hiyo mwajiri ana haki ya kumwagiza mwajiriwa. Sawa kabisa, kama kombe lingekuwa moja. Lakini yapo mawili. Ubingwa wa madereva ulianza 1950, wa watengenezaji ukafuata 1958. Kwenye hili la pili timu ifanye itakavyo. Tena pale Monza kubadilishana nafasi hakukuiongezea McLaren hata pointi moja, kwa sababu 18 na 15 jumla yake ni ile ile awe nani mbele. Iliyoguswa ni mali ya madereva peke yake. Hapo mwajiri alikuwa akigawa kisichokuwa chake.

Na mara nyingine wanagawa hata bila sababu. Mei 12, 2002 nchini Austria, Rubens Barrichello wa Ferrari aliongoza tangu mwanzo, halafu mita za mwisho kabisa akaondoa mguu ili Michael Schumacher apite. Schumacher alikuwa ameshinda mbio nne kati ya tano za mwanzo wa msimu! Ubingwa aliutwaa Julai zikiwa zimebaki mbio sita. Watu waliolipa viingilio wakazomea, na Schumacher mwenyewe akaona aibu, akampandisha mwenzake kwenye jukwaa la juu. Ferrari wakatozwa faini ya dola milioni moja, na mcheke kidogo hapa: kosa lililoandikwa ni kuvuruga utaratibu wa jukwaani.

Baada ya msimu ule amri zikapigwa marufuku. Zikaisha? Thubutu. Zikaanza kusemwa kwa mafumbo. Julai 25, 2010 huko Hockenheim, Felipe Massa aliarifiwa redioni kwamba Fernando Alonso ana kasi kumzidi yeye, kisha akaulizwa kama ameelewa. Alielewa. Ilikuwa imetimia mwaka mmoja kamili tangu ajali ya Hungary iliyokaribia kumuua, na yeye ndiye aliyekuwa akiongoza mbio. Ferrari wakalipa dola 100,000, ushindi wakabaki nao, na kuanzia 2011 marufuku yenyewe ikafutwa.

Mtaniambia haiwezekani kuendesha timu bila amri. Nendeni Naivasha mkaulize. Safari Rally ya 2023 Toyota walishika nafasi nne za kwanza. Kalle Rovanperä ndiye aliyekuwa akiongoza msimamo wa dunia, Sébastien Ogier alikuwa dereva wa kuja na kuondoka asiyeshindana msimu mzima. Kwa akili ya Ferrari, Ogier angepisha. Ogier akashinda kwa sekunde 6.7, na Toyota haikufilisika. Mwaka 1973, enzi mashindano hayo yakiitwa East African Safari, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Msweden Harry Källström, wote na magari ya Datsun, walimaliza wakiwa sare, ikabidi kanuni ya kuvunja sare impe Mehta ushindi. Sare! Ndiyo tunayoizungumza hadi leo.

Yupo atakayenitajia Ben Jipcho. Oktoba 20, 1968, Mexico City, fainali ya mita 1500, Jipcho alitoka kama anafukuzwa na nyuki, mzunguko wa kwanza sekunde 56 kwenye mji wenye hewa nyepesi, ili kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Mkenya mwenzake Kip Keino akachukua dhahabu kwa 3:34.9. Jipcho akawa wa kumi. Je, si amri ya timu ile? Huenda. Lakini Jipcho alikimbia kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Hakuna aliyemwambia apunguze. Kujichosha kwa ajili ya mwenzako na kujifanya umechoka ni mambo mawili, na mtu wa kijijini ambaye hajawahi kuona gari la langalanga atakutofautishia bila shida.

Mimi sidai marufuku irudi, tumeona ilivyochezewa. Nadai uwazi. Kwenye baiskeli kila mtu anajua nani kiongozi wa timu na nani wa kumkinga upepo. Biniam Girmay wa Eritrea alipovaa jezi ya kijani ya Tour de France mwaka 2024, wenzake walimfanyia kazi mchana kweupe. Basi na magari yawe hivyo: kila timu iandikishe kabla ya msimu kama ina dereva namba moja, na mkataba unasema apishwe lini. Ikishaandika kwamba wote ni sawa, redio inyamaze, na ikivunja ahadi inyang'anywe pointi, maana faini kwao ni chenji.

Tusidhani ni ya mbali. Desemba 2024 Rais Kagame alitangaza Kigali kwamba Rwanda inataka kuandaa mbio za langalanga. Kama siku moja zitaletwa Afrika Mashariki, atakayejenga barabara ya mashindano ni mlipa kodi, na atakayenunua tiketi ni mimi na wewe. Kabla hatujatoa hata senti, hiyo karatasi ya dereva namba moja iwe imebandikwa mlangoni.