Vigae vya Msalani Visichaguliwe kwa Macho Peke Yake

Mwezi wa Shaabani ukiingia, mafundi wa nyumba hapa pwani hawashikiki. Huyu apaka chokaa, yule aziba paa linalovuja, na siku hizi kazi iliyozishinda zote ni kuvunja bafu la zamani na kulitia vigae vipya kabla ya Ramadhani, au kabla ya harusi ya Mfunguo Mosi. Hatumlaumu mtu. Nyumba ni ya mwenyewe na fedha ni zake. Lakini tukiyatazama mabafu haya mapya twaona kuna neno la kusema, na afadhali lisemwe sasa kuliko baada ya mtu kuvunjika.

Ukiingia katika duka la vigae, utaonyeshwa kwanza kile kinachong'aa. Muuzaji hukiinua kwenye taa, mteja akauona uso wake ndani yake, bei ikakatwa, mkokoteni ukaitwa. Hakuna aliyekimwagia maji. Na msalani kwetu hapakauki! Mtu hujitoharisha kwa maji, hutawadha mara kadha kwa siku, huoga asubuhi na jioni kwa joto hili letu, na katika nyumba ya watu wanane sakafu ile haipati hata saa moja ya kupumua. Aishiye nchi ya baridi, ajifutaye kwa karatasi na kuoga ndani ya hodhi, huenda akaishi na kigae cha kung'aa maisha yake yote kisimdhuru. Sisi chatuvunja.

Twamjua bibi mmoja wa makamo ya juu ambaye kwa miaka mingi alitawadha juu ya sakafu ya saruji, mbaya wa kuitazama, iliyokwaruzika kila mahali. Haikumwangusha hata siku moja. Mwanawe alipopata kazi nzuri, alimtilia mamake vigae vyeupe toka sakafuni hadi darini, kwa mapenzi tu. Haukupita mwezi. Alfajiri moja bibi aliinua mguu wa kulia auoshe, na ule wa kushoto aliokuwa amesimamia ukamtoka. Nyonga ilivunjika. Sasa husali juu ya kiti, na yule mwana hawezi kuingia bafuni humo bila ya kuinamisha kichwa.

Fikiri, msomaji, udhu wataka nini. Wataka mtu mzima, pengine mzee, asimame kwa mguu mmoja, uliolowa, wakati wa giza, na usingizi haujamtoka. Hiyo ndiyo kazi ya bafu letu kabla ya kazi nyingine yoyote, na ndiyo anayosahau kuulizwa fundi.

La ajabu ni kwamba fasheni yenyewe imeanza kuukimbia mng'aro. Vigae vipya vinavyotoka katika viwanda vya Italia na Uhispania, na vinavyoigwa kwingineko, vingi ni vya uso uliofifia, rangi ya mchanga, ya udongo au ya jiwe. Kuna vipana vya sentimeta 60 kwa 120, na kuna vidogo visivyo sawa kingo zake, vya kuiga zellige, vigae vinavyokatwa kwa mkono huko Fez. Kizingiti cha bafu nacho chaondolewa ili mzee asijikwae. Na matajiri wa Ulaya hulipa fedha nyingi kupakiwa kuta za bafu kwa tadelakt, yaani chokaa ya Marrakech inayosuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni nyeusi mpaka maji yasipenye.

Chokaa! Kana kwamba sisi hatukuijua. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioandikwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, zilikuwa na misala ndani ya nyumba, kuta zake za matumbawe zikiwa zimepakwa chokaa laini, pamoja na birika la maji na kata ya kutekea. Chini ya birika kulipachikwa bakuli la kaure ili maji yakipungua wasife vile visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Gede nako, alikoanza kuchimba James Kirkman mwaka 1948, vyoo na mahali pa kujitoharishia vimeonekana katika nyumba za watu walioishi mamia ya miaka kabla yetu. Leo mwenye nyumba ya kale hubandua chokaa ile, akapiga saruji nzito juu ya matumbawe, akabandika vigae. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukiuziba, unyevu hubaki ndani na ukuta huanza kuoza kimyakimya nyuma ya vigae vizuri. Mwenye nyumba kama hiyo na amtafute kwanza fundi wa chokaa. Wangalipo.

Kwa walio na nyumba za kawaida za matofali, vigae havina ubaya, ila wajue wanachonunua. Viko vigae vilivyopimwa kwa mguu mtupu juu ya ubao ulioinamishwa na kumwagiwa maji ya sabuni, vikapewa herufi A, B au C. A ndiyo dhaifu, C ndiyo inayoshika zaidi. Kwa mahali pa kuogea usikubali chini ya B. Kama muuzaji hana habari ya herufi hizo, mwombe kigae kimoja, kimwagie maji ya sabuni, vua viatu ukisimamie hapo hapo dukani. Na wacheke.

Vile vipana viacheni ukutani. Sakafuni vidogo ni bora, kwa sababu viungo vyake vingi hushika mguu, na kwa sababu fundi aweza kuviteremsha vizuri kuelekea kwenye tundu la maji, kiasi cha sentimeta 1 hadi 2 kwa kila mita. Maji yakisimama pembeni, tohara yenyewe hugeuka mashaka. Jenga pia kibaraza kifupi karibu na mfereji, mtu akae aoshe miguu yake. Rangi nyeusi inayopendwa sasa yafaa kwa maji matamu tu. Maji ya kisima chenye chumvi huiandika meupe baada ya wiki moja. Na lile bomba pana la darini linalomwaga kama mvua, sijui tumelitamania nini katika mji ambao maji hununuliwa kwa madumu, hali Mtume, rehema na amani zimshukie, alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki hata lita.

Mwisho ni kiti cha choo. Kwa mtu wa Mombasa, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamelegeza kuelekea kibla mtu awapo ndani ya jengo, lakini adabu ni kuepuka. Mwonyeshe fundi kwa kidole kabla hajaanza. Akishamwaga zege, kukigeuza ni kuvunja sakafu upya.