Aliyepasuliwa kizazi aachwe apumzike

Mhariri,

Fistula tunaisikia redioni, na hata ina siku yake ya kimataifa, Mei 23. Kushuka kwa kizazi hakutajwi, na wengi huchanganya mambo haya mawili. Fistula ni tundu linalovujisha mkojo au haja kubwa. Kizazi hushuka misuli ya nyonga inapolegea kwa uzazi mwingi, uchungu wa muda mrefu, umri, kikohozi sugu au kubeba mizigo mizito.

Niliishi na hali hiyo miaka mingi: uzito chini ya kitovu, mkojo usioisha, kinyama kinachojitokeza ukeni nikichuchumaa. Nikaambiwa nivumilie, ndio uzazi. Wanawake wenzangu, msivumilie, nendeni hospitali. Si kila mtu hupasuliwa. Wapo wanaosaidiwa na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, au pete ya mpira inayowekwa ukeni.

Mimi nilipasuliwa. Kazi ngumu ilikuwa nyumbani, kwa sababu mshono wa ndani hauonekani na watu hudhani umepona. Daktari aliniagiza wiki 6 bila ndoo ya maji, bila jembe, bila kuni, bila tendo la ndoa. Aliniagiza mimi peke yangu, mume wangu akiwa amekaa nje kwenye benchi!

Nawaomba madaktari wamwite mume, na mama mkwe akiwapo, wawaeleze wenyewe. Mke aliyetoka kushonwa asiachiwe kubishana nani akachote maji.

Mama wa watoto watano,
Morogoro