Soko tumeingia, lugha yake tutaipatia wapi?



Tarehe 8 Aprili 2022, ku Nairobi, Rais wa Jamhuri alitia sahihi mkataba wa kuingiza Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule tukawa mwanachama kamili. Wakatuambia: soko kubwa limefunguka, vijana watapata kazi. Sisi tunauliza swali moja: kijana mwenye anasoma biashara hapa Goma kwa Kifaransa, toka mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, ataingia katika soko lile kwa lugha gani?

Tuseme wazi. Mali mingi yenye tunauza Goma inapitiaka bandari ya Mombasa ao ya Dar es Salaam. Hati za meli, za bima na za ushuru zinakuja kwa Kingereza. Mama mwenye duka ku Birere anajua bei, anajua wateja, anajua kuhesabu kuliko sisi wote. Lakini karatasi ikifika, anaipeleka kwa mtu wa kati na kumlipa ili amsomee. Mtoto wake ana diploma ya biashara, na yeye pia hawezi kuisoma. Familia ile imelipa mara mbili: minervali ya miaka yote, halafu pesa ya msomaji.

Watu watasema: kozi ya Kingereza iko ku iniversite. Ni kweli, iko. Saa chache kwa juma, mwalimu mmoja mbele ya ukumbi umejaa, na mtihani wa kutafsiri sentensi. Lugha ya biashara inaingia mtu akiishi ndani yake: anasoma mkataba wa nyumba mbele ya kuweka sahihi, anabishana bei sokoni, anaandika barua kuuliza juu ya mali yenye imechelewa, anasimama mbele ya wenzake kutetea hesabu zake. Akikosea, analipa, akilipa, anakumbuka.

Familia zetu zimeelewa jambo hili mbele ya serkali. Kwa miaka mingi zinatumaka watoto Kampala. Lakini kila mtu anaenda kivyake, na tunaona hasara mbili.

Ya kwanza: wengi wanakaa pamoja, Wakongomani kwa Wakongomani, kama ku Kansanga, karibu na Kampala International University. Wanapanga pamoja, wanapika pamoja, na jioni yote ni Kifaransa na Kiswahili chetu. Kingereza kinabaki darasani, sawasawa na Goma, ila kwa bei ya dolari. Hatuwalaumu, ugenini mtu anatafuta wa kwao. Lakini hakuna mtu aliyewatayarisha, hakuna familia ya Kiganda yenye iliwapokea, hakuna mwalimu wa Goma mwenye aliwafuata kuona wanaendelea namna gani.

Ya pili: yale masomo hayahesabiwi hapa. Kijana anarudi na hati ya kozi ya Kingereza, halafu anaanza tena pale alipoachia. Mwaka umepotea. Kwa hiyo anayeweza kwenda ni yule mwenye wazazi wanaweza kulipa mwaka wa bure. Mtoto wa mwuza makala, hata akiwa wa kwanza darasani, anabaki.

Dawa yake inajulikana. Ulaya ilianzisha Erasmus mwaka 1987: mwanafunzi anasoma miezi kadhaa katika inchi ingine, na chuo chake kinahesabu masomo yale. Na sisi tuko na mfumo wa LMD, wenye unahesabu mwaka wa masomo kwa krediti 60. Krediti zilitengenezwa ili masomo yaweze kuvuka mpaka. Tena Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, yenye inatumika tangu tarehe 1 Julai 2010, inasema katika kifungu cha 11 kwamba inchi wanachama zitambue vyeti vya masomo zenyewe kwa zenyewe. Baraza la vyuo vikuu vya Afrika Mashariki liko palepale Kampala. Chombo kiko, kinachokosekana ni mtu wa kukitumia.

Na tusifikiri kwamba ni Kingereza peke yake. Kiswahili nacho tutakijifunza. Sisi wa Goma tunakisema toka utotoni, lakini ku duka na ku ofisi tunasemaka « facture », « crédit », « douane ». Mfanyabiashara wa Dar es Salaam akikuletea mkataba wenye ankara, stakabadhi, dhamana na riba, utaona kama Kiswahili chako kina mashimo. Wazungu wanavuka bahari kwenda kukijifunza Zanzibar, ambako kulianzishwa chuo cha Kiswahili kwa wageni. Sisi tuko karibu na tayari tuko na nusu ya safari. Miezi michache inatosha kuziba yale mashimo.

Tunajua ubishi wenye utakuja. Mtu atasema: tutumeje watoto wetu Uganda, inchi yenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu tarehe 9 Februari 2022 kulipa Kongo milioni 325 za dolari juu ya vita ya 1998 mpaka 2003? Hatusahau hata senti moja ya deni ile, wala hata kaburi moja. Lakini tuangalie vizuri: kesi kama ile inapiganwa na watu wenye wanajua kusoma karatasi za jirani. Kutojua lugha ya mwenye tunafanya naye biashara hakumuumizi yeye, kunatuumiza sisi.

Wengine watasema sasa si wakati. Tangu M23 iingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na wazazi wakahangaika kutuma hata pesa ya chakula kwa watoto wenye wako inje. Ni kweli, na amani ndiyo ya kwanza kwa madai yetu yote. Lakini kijana mwenye alikuwa na miaka 20 vita ilipofika hatarudishiwa miaka yake. Barua ya makubaliano kati ya vyuo viwili haiombi ndege.

Kwa hiyo tunadai:

1. Wizara ya elimu ya juu na vyuo vya Goma, kuanzia Institut Supérieur de Commerce, Université de Goma na ULPGL, viandikiane makubaliano na vyuo kama Makerere University Business School ya Kampala na Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam: semesta moja kule, na krediti zake zihesabiwe hapa.

2. Mwanafunzi asilipe minervali mara mbili kwa semesta moja.

3. Nafasi zigawanywe kwa mashindano ya wazi, majina yabandikwe ukutani, na wenye hawana uwezo wapate bursa.

4. Kila anayeenda akae na familia ya kule ao na wanafunzi wa kule, na apate staji katika duka, ghala ao ofisi ya usafirishaji.

5. Makubaliano yawe ya pande mbili. Kifaransa ni lugha rasmi ya Jumuiya tangu Februari 2021, na wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanakihitaji ili kuuza Kongo. Amani ikirudi, waje wakijifunze kwetu. Tuko na kitu cha kutoa, tusiende kama waombaji.

Nyinyi wanafunzi, msingojee Kinshasa. Juma hili, kamati ya kila darasa iandikie mkuu wa chuo chake swali moja: « Nikisoma semesta moja Kampala, mtanihesabia krediti ngapi? » Ombeni jibu kwa maandishi, lenye muhuri.